Meli isiyo na nahodha itaionaje mashua ya Lamu?

Wengi hudhani kampuni za meli zinataka vyombo vya kujiendesha ili zikwepe mishahara. Mishahara imo, lakini kwa maoni yangu kinachozisukuma zaidi ni uhaba wa maofisa. Ripoti ya 2021 ya BIMCO na ICS, mashirika ya kimataifa ya wenye meli, ilikadiria kuwa kufikia 2026 dunia ingehitaji maofisa zaidi wapatao 89,510. Korona nayo iliwatia hofu wenye meli: mwishoni mwa 2020 mabaharia wapatao 400,000 walikwama melini, mikataba imekwisha na wa kuwapokea zamu hawafiki.

Halafu kuna nafasi. Meli ikijengwa bila vyumba vya kulala, jiko wala mitambo ya maji safi, hupungua uzito na hubeba shehena zaidi. Faida hiyo haipatikani kwa kubandika kompyuta kwenye meli kuukuu.

Kinachozizuia meli za kujiendesha kuvuka bahari kuu ni injini kuliko usukani. Mafuta mazito lazima yapashwe moto na kusafishwa kabla ya kuchomwa. Chujio huziba, mabomba huvuja, na fundi huitwa hata usiku wa manane. Mayflower, meli ndogo ya majaribio, ilipovuka Atlantiki 2022 bila mtu, hitilafu ya jenereta iliilazimisha kupitia visiwa vya Azores, kisha hitilafu nyingine ya umeme ikaiingiza Halifax, Kanada. Ndiyo maana Yara Birkeland, meli ya Norway ya makontena 120, inatumia betri na kurudia safari fupi ile ile.

Sasa tuje kwetu. Gati la kwanza la bandari ya Lamu lilifunguliwa Mei 2021, na meli kubwa huingia Ghuba ya Manda katikati ya wavuvi. Kanuni ya 5 ya kuzuia migongano baharini, ya 1972, inadai kila chombo kichunge mazingira yake muda wote kwa kutazama na kusikiliza. Kompyuta hutegemea sana rada na kamera, na mbao hazirudishi mawimbi ya rada vizuri. Wakati wa kusi, mashua ndogo humezwa na alama za mawimbi ya bahari kwenye kioo cha rada.

Dawa yake ni rahisi, na nasisitiza ianze kabla ya meli hizo kufika: kiakisi cha rada, kifaa cha kurudisha mawimbi yake. Ni mabati matatu ya alumini, upande sentimita 30 hivi, yaliyopitishwa katikati yakakatana kwa pembe mraba, kisha yakapandishwa juu ya mlingoti. Bati likipinda hata nyuzi chache, mwangwi hufifia, kwa hiyo likaguliwe kila mashua inapopakwa sifa, yaani mafuta ya samaki ya kuhifadhi mbao. Usiku taa iwake pia, kwani kamera ya kawaida haioni mashua gizani.