Samaki wa Kupiga Naye Picha

Mwingereza namvumilia mengi. Chai yake inayopoa kabla ya kufika mdomoni, namvumilia. Kuomba radhi mimi ndiye niliyemkanyaga, namvumilia. Lakini hili la samaki, hapana. Hili limenishinda, na nitalisema hata kama karatasi zangu za ukaazi bado ziko mezani kwa watu.

Mimi mtu wa Mwanza, Kirumba. Kwetu mwanaume akisema anakwenda kuvua, mkewe anaanza kumenya vitunguu. Apate, asipate, kitunguu kinamenywa. Sasa niko huku Northamptonshire, nabeba maboksi ghalani, na jirani yangu ni mzee mmoja, fundi bomba mstaafu. Mtu mwema kabisa, ananipokelea mizigo nikiwa kazini. Ndiye aliyeniambia, "Jumamosi naenda kuvua karpi, twende." Karpi ni samaki mnene wa maji baridi. Mama watoto akatoa sufuria kubwa, ile inayotoka kwenye misiba tu.

Kabla hujagusa maji, toa hela. Huku Uingereza kuanzia miaka 13 kila anayeshika fimbo ya kuvulia lazima awe na leseni, na ukikutwa huna, faini inaweza kufika pauni 2,500. Nikakata. Serikali ikala. Halafu mwenye ziwa naye ana kiingilio chake, maana maziwa ya huku mengi yana wenyewe. Akala na yeye. Nikachangia mafuta ya gari. Hapo sijaona hata gamba.

Na mizigo yenyewe! Fimbo tatu, hema, kitanda cha kukunja, jiko la gesi, mizani, taa za kila aina, na godoro. Nikashukuru, nikasema mzee ana utu, kanibebea mgeni wake godoro. "Hilo la samaki," akasema. Binadamu tunalala kwenye vyuma, samaki ana godoro, na pembeni kuna ndoo ya maji ya kulilowesha godoro ili asichubuke. Mimi nikapewa kiti.

Chambo ndiyo usiniulize. Mwanza mtu wa sangara anatunga furu, samaki mdogo wa ziwani, kwenye ndoano, basi, kazi imekwisha. Mzee akafungua ndoo, mle mna vidonge vya mviringo vilivyokandwa kwa unga wa samaki na mayai, vikachemshwa, vinanukia nanasi. Ndoo ya pili inanukia stroberi. Kilo moja ya vidonge ingeninunulia kuku na chenji ikabaki. Akatoa manati, akaanza kuvirusha ziwani kwa mikono miwili, pa, pa, pa, mayai na samaki wote wanakwenda. Manati nayafahamu, tangu utotoni, lakini yetu yalikuwa ya kuua ndege. Sikuwahi kufikiri mtu anaweza kumlenga mnyama kwa manati ili ashibe.

Getini kulikuwa na bango lenye picha ya samaki ndani ya kikaango, limepigwa mstari mwekundu, na maandishi ya lugha tatu nne. Nikasema ni kweli, nani akaangie pale ukingoni na upepo ule. Tutakaangia nyumbani.

Usiku wa manane king'ora kikalia. Fimbo zina king'ora jamani, mshipi ukivutwa tu kinapiga kelele na taa inawaka. Mzee akatoka hemani na soksi, akaikamata fimbo, wakaanza kuvutana. Alivutana naye mpaka pumzi ikawa ya kuhesabu. Nikashika wavu wa mpini mrefu, nikamkinga, tukamtoa. Ndugu zangu. Samaki wa rangi ya dhahabu iliyochakaa, mdomo mnene wenye sharubu mbili kila upande, na tumbo la mwenyekiti wa kamati ya harusi. Nikaona mboga ya wiki nzima, na supu ya kichwa, na kipande cha kumpelekea mzee wa kanisa.

Mzee akalowesha mikono kwanza. Akamlaza kwenye godoro, akamfunika macho kwa kitambaa kibichi. Akaitoa ndoano, ambayo haina hata kile kijino cha kuzuia, imetoka kwa kidole kimoja. Halafu akaingiza mkono mfukoni, akatoa kichupa cha dawa, akamtonesha pale mdomoni penye tundu. Dawa! Mimi jino liliniuma, nikapiga simu nikapewa miadi, na miadi ilipofika jino lilikuwa limeshachoka kuuma lenyewe. Samaki ametibiwa papo hapo, saa nane usiku, bila kujaza fomu.

Akampima. Ratili 26, yaani karibu kilo 12. Akaniambia nipige magoti nimbebe, nipigwe picha. Kwa nini magoti? Ili akinidondoka asianguke mbali. Nikapiga magoti. Na kwa kuwa huku saa nane usiku kule ni alfajiri na watu wako tayari Mwaloni, sokoni kwa samaki, nikampigia Mjomba kwa video ili na yeye aone neema.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba. Eeeh! Huyo dume au jike? Mshike chini, tumbo lisipasuke. Kichwa mwekee shangazi yako, asije akasema."

Nilikuwa bado nasema "sawa Mjomba" mzee aliponipokonya samaki, akamtia kwenye mfuko wa wavu, akashuka naye hadi maji ya magotini. Akamshika taratibu, anamsubiri apate nguvu, anamsemesha maneno siyajui. Mkia ukapiga mara moja. Akaenda.

Kwenye simu kimya. Nikadhani mtandao umekata.

"Amemponyoka?"

"Hapana Mjomba. Amemwachia."

"Alikuwa mgonjwa?"

"Hapana, ndiyo sheria ya hapa."

"Alikuwa mdogo?"

Hapo Mjomba alikuwa na hoja, maana sisi si watu wa porini. Ziwani kwetu sangara wa chini ya sentimita 50 ukikutwa naye una kesi, na watu wamechomewa nyavu kwa ajili hiyo. Tunaelewa: yule bado mtoto, mwache akue. Nikalazimika kumweleza kwamba huku mambo yamegeuzwa. Kwenye mito ya Uingereza sheria inakuruhusu kwa siku kuchukua samaki wadogo 15 wasiozidi sentimita 20, na pike mmoja, yule samaki wa mdomo mrefu, asiyezidi sentimita 65. Wakubwa wanarudi. Na kwenye ziwa la mtu binafsi karpi ni mali ya mwenye ziwa, ukimtia kwenye begi bila ruhusa umeiba na unaweza kushtakiwa kwa wizi.

"Kwa hiyo huko," Mjomba akasema polepole, "wanakula watoto, wanawaheshimu wazee?"

Nikamtafsiria jirani. Akacheka, akasema jike kubwa ndilo linalotaga mayai mengi, na karpi kufikia ukubwa ule kunachukua miaka, kwa hiyo samaki mmoja anafurahisha watu mia. Sikatai, ina hesabu yake. Ila hesabu hiyo ingesimama vizuri zaidi kama asubuhi ile nisingekuwa na njaa. Tulikunywa chai na maharage ya kopo. Tumelisha samaki mayai na samaki usiku kucha, ili sisi tule maharage.

Halafu ndipo nikajua kwamba samaki wa huku wana majina. Mzee alikuwa anamfahamu yule! Aligeuza ubavu, akaona magamba matatu makubwa karibu na mkia, akataja jina na mwaka waliokutana mara ya mwisho. Na si wazimu wake peke yake. Hapo karibu na Peterborough kulikuwa na karpi jike akiitwa Benson, eti kwa sababu pezi lake lilikuwa na tundu mtu angedhani limechomwa na sigara, na Benson ni jina la sigara. Nina binamu anaitwa Benson, yuko Geita, na sidhani kama ameshawahi kubebwa na watu wengi kiasi hicho: yule samaki alivuliwa na kurudishwa zaidi ya mara 60. Alipokufa mwaka 2009, akiwa na kilo kama 29, magazeti ya nchi nzima yaliandika. Wakashukiwa watu waliotupa ndago mbichi ziwani kama chambo. Samaki amekufa na watu wanauliza alikula nini kwa nani. Nikasema kumbe tunafanana, ndiyo maswali ya msibani kwetu haya haya.

Kabla ya Benson kuna mwingine, Clarissa. Septemba 1952 bwana Richard Walker alimtoa kwenye bwawa la Redmire, ratili 44, kilo 20, rekodi ya nchi. Hakumla. Hakumrudisha pia. Alimpigia simu bustani ya wanyama ya London, wakaja kumchukua na gari, akaishi mjini humo mpaka 1971. Mtu wa kijijini kabisa, kahamishiwa London, nyumba bure, chakula bure. Mimi foleni ya nyumba ya halmashauri naijua.

Na msiniambie kwamba ni desturi yao tangu enzi. Kuna Mwingereza aliyeandika mambo ya uvuvi karne ya 17, akamwita karpi malkia wa mito, na kurasa chache mbele akaeleza namna ya kumpika na divai, viungo na chaza. Huyo ndiye mtu wangu. Sijui nani alikuja baadaye akawaroga.

Jumatatu nikapeleka kesi ghalani. Mpolandi tunayefanya naye zamu alishika kichwa. Kwao mkesha wa Krismasi bila karpi mezani haukamiliki. Zamani watu walikuwa wanamnunua akiwa hai siku kadhaa kabla, wanamweka kwenye sinki la kuogea, watoto wanamzoea, wanampa jina, na mwisho baba analazimika kufanya kazi yake huku nyumba nzima inalia. Gamba moja linawekwa kwenye pochi ili pesa zisikauke mwaka mzima. (Gamba nimeliomba. Bado nasubiri.) Anasema alipofika huku alikuwa anakwenda mtoni na ndoo, anarudi na kitoweo, mpaka akakuta Waingereza wamemzunguka na simu, wanampiga picha yeye badala ya samaki. Baadaye vyama vya wavuvi vikaanza kuwafuata wageni kwa upole na kuweka mabango ya Kipolandi. Ndiyo lile bango la kikaango. Kwa hiyo kikaango kile kilichorwa kwa ajili ya watu wenye akili timamu.

Dereva wetu Mjerumani akasema wote wawili tumekosa. Ujerumani majimbo mengi yanataka usomee uvuvi na ufanye mtihani kabla ya kupewa kibali. Na sheria yao ya kulinda wanyama inasema huwezi kumtesa mnyama bila sababu ya msingi. Kula ni sababu. Kupiga picha si sababu. Watu wamepigwa faini kwa kumvua samaki, kumpima, kutabasamu naye na kumwachia. Uswisi nao kwenye kanuni za mwaka 2008 wamekataza kabisa kwenda kuvua kwa nia ya kuachia. Yaani jirani yangu angefanya usiku ule ule, godoro lile lile, dawa ile ile, mipaka michache tu mbele, na angekuwa mkatili mbele ya hakimu. Na mimi na sufuria langu ningekuwa raia mwema.

Mkenya wa Naivasha akasikiliza yote, akamaliza chai yake. Kwao, anasema, karpi waliingia ziwani mwanzoni mwa miaka ya 2000 bila kualikwa, sasa ndio wamejaa kwenye nyavu, na hakuna anayewapa jina. Wanakaangwa. Lalamiko ni miiba tu.

Linaloniuma mimi ni jingine. Minofu ya sangara wetu kwa miaka mingi imepanda ndege kuja huku Ulaya. Sisi tulibaki na mapanki, mifupa na kichwa, tukakaanga, tukala, tukanenepa. Sawa. Lakini kama mna karpi wa kilo 12 amelala ziwani anasubiri dawa ya mdomo, sangara wangu mlikuwa mnamtakia nini?

Ningemaliza hapo, ila ile picha mzee alinitumia, nami kwa kiburi cha ujana nikaitupa kwenye kundi la ukoo. Mjomba alikuwa hajaeleza habari ya kuachiwa. Anasema aliona aibu. Basi watu wakaona mimi nimepiga magoti, nimekumbatia samaki, natabasamu. Pongezi zikamiminika. Kisha zikaanza hesabu. Binamu Benson akauliza mkia kapewa nani. Shangazi akaandika kwamba yeye hana neno, ila amezoea kusikia habari za vichwa vya samaki kwa watu wa nje.

Nikaeleza. Nikaandika aya tatu, nikataja sheria, nikataja mayai, nikataja mwenye ziwa. Shangazi akajibu: "Mwanangu, sema tu kwamba mmekula."

Mjomba akanipigia pembeni. Akasema hapa hakuna cha kujitetea, samaki ameonekana na ukoo mzima, hawezi kuwa hewa. Mkadirie kwa bei ya Mwaloni, utume. Tukakadiria pamoja, kilo 12, yeye akitetea bei ya juu kwa sababu ya rangi ya dhahabu. Nikatuma. Dakika mbili baadaye Shangazi kaandika amepokea, Mungu anibariki, ila mbona hakuna hela ya kutolea.