Pointi tatu zipo, ninyi mnataka tano

Raga ikionyeshwa kwenye vibanda vya Mwanjelwa, hapa Mbeya, wimbo ni uleule. Namba kumi akirudi nyuma ajiweke kupiga dropu, lile teke la pointi tatu ambalo mpira hudunda kwanza chini kisha hupigwa upite kati ya nguzo, kelele: "Mwoga huyo! Ingia nao!" Haya, ingieni nao. Timu iko nyuma kwa pointi mbili, dakika ya 78, mpira wake, mita 20 mbele ya nguzo, na bado inagonga ukuta wa mabeki mara ya kumi na tano hadi mtu anaporwa mpira kwenye raki, lile rundo linalogombea mpira ulio chini. Kisha refa ndiye mbaya.

Trai, yaani kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli la wapinzani, ni tano, sawa, nani anabisha? Ila aliye nyuma kwa mbili hadaiwi tano.

Halafu dropu mnaiita bahati. Fainali ya Kombe la Dunia 2003 pale Sydney, England na Australia 17-17, muda wa nyongeza unakatika. England wakarusha mpira mrefu kutoka pembeni hadi mkiani mwa laini-auti, ile mistari miwili ya wachezaji wanaougombea, Lewis Moody akaudaka. Mike Catt akagonga ukuta. Namba tisa, Matt Dawson, akachomoka na kusogeza mita za maana, lakini akabaki chini ya raki. Sasa nani atoe pasi? Martin Johnson akauchukua akagonga mara moja tena, hatafuti trai, anamnunulia Dawson sekunde za kuinuka. Pasi, namba kumi Jonny Wilkinson, dropu kwa mguu wa kulia, tena si mguu wake. 20-17. Bahati gani hiyo yenye mafundi wote hao?

Mpigaji akisimama karibu na raki anazibwa. Arudi kama mita kumi. Mpira aushike wima, ncha ya juu imlalie kidogo, auachie bila kuurusha, aupige pale pale unapoinuka kutoka chini. Ukitua ubavu, umekwisha. Kwa viwanja vyetu vya mabonde, na tope la Machi, hapo sina ubishi: ingieni nao.

Na ukikosa, mpira ukatoka nyuma ya nguzo? Wapinzani wanaanza upya kwa teke kutoka mita 22, na mara nyingi mpira unakurudia mwenyewe.

George Ford wa England alipiga dropu tatu kabla ya mapumziko dhidi ya Argentina kwenye Kombe la Dunia 2023, England wakiwa watu 14 badala ya 15 tangu mwanzo mwanzo. Wakashinda 27-10, trai hata moja hawakufunga. Woga huo mngeupata wapi?

Joel Stransky wa Afrika Kusini alimaliza fainali ya Kombe la Dunia 1995 kwa dropu pale Johannesburg, mji wa juu wenye hewa nyepesi kama Mbeya, ambako mpira husafiri. Watu wa Mbeya ndio mnaoizomea!