Nahodha Asiyeweza Kupotea

Rasimu ya tawi la Nahodha imezua mvutano ambao, kwa maoni yangu, ulihukumiwa vibaya tangu siku ya kwanza. Kundi letu, ambalo hukutana Mjini Unguja baada ya Isha kucheza Dungeons & Dragons kwa Kiswahili, mchezo wa mezani ambao msimamizi husimulia hadithi, wachezaji huigiza wahusika wake, na dadu huamua nani amefaulu, liliamua kujitungia tawi la fani ya ranja, yule mwindaji na mjuzi wa njia, litakalokuwa la watu wa bahari. Rasimu ya mwanzo ilimpa nahodha mambo mawili kuanzia ngazi ya 3: awapo chomboni, kila jaribio la Busara, kipimo cha utambuzi wa mhusika, hulifanya kwa nafuu, yaani hurusha dadu mbili za pande 20 na kuchukua iliyo kubwa, na chombo anachokiongoza hakipotei kamwe. Wenzetu wawili wakataka yote mawili yaondolewe. Wakaambiwa kwamba wanawavunjia heshima mabaharia waliotuzaa, na kwa wiki kadhaa hapakuwa na aliyewasikiliza kwa utulivu.

Waliotunga rasimu hiyo hawakosi hoja, na hoja zao si nyepesi. Wanasema kwamba tawi lenye nguvu baharini tu tayari limejifunga lenyewe, kwa kuwa hadithi nyingi za mchezo huu hupita misituni, mapangoni na mijini, hivyo siku chache ambazo wahusika wamo chomboni ni haki ziwe siku za nahodha. Wanasema pia kwamba mchezo uliozaliwa Marekani mwaka 1974 umejaa mashujaa wa nyika na ngome za Ulaya ya kale, na kwamba mtoto wa Tumbatu au Nungwi anapomkuta nahodha kwenye karatasi ya mhusika anastahili kumkuta akiwa mkubwa, si fundi wa kubahatisha. Hoja hii ya mwisho inanigusa, na sitaki ipuuzwe.

Tena wana kanuni iliyochapishwa mkononi. Katika toleo la tano, lile la mwaka 2014, ranja huchagua aina ya ardhi aliyoizoea, pwani ikiwa mojawapo, na akisafiri humo kundi lake haliwezi kupotea ila kwa uchawi. Kama wachapishaji wenyewe waliruhusu, kosa letu liko wapi? Lakini kanuni hiyo ilikuwa miongoni mwa zilizolalamikiwa sana, kwa sababu iliyo wazi kwa yeyote aliyewahi kuitumia: ranja aliyechagua msitu alipoingia msituni, msitu ulitoweka mezani. Msimamizi wa mchezo alisema tu kwamba mmefika. Mwaka 2020 ikaruhusiwa kubadilishwa na nyingine, na katika kitabu cha wachezaji cha mwaka 2024 haimo tena. Rasimu yetu, kwa hiyo, ilikuwa inaokota kilichokwisha kutupwa. (Suala la haki ya kutunga halina mzozo, tangu Januari 2023 kanuni za msingi zimetolewa kwa leseni huria, na mtu yeyote anaweza kujenga juu yake maadamu anataja chanzo.)

Jambo la kupotea, hata hivyo, liliwaingia watu mapema. Lililokuwa gumu kueleweka ni la nafuu, na hapo ndipo naona wale wawili walionewa, kwa sababu nafuu ya kudumu huonekana kama zawadi ndogo. Tuchukue ranja wa ngazi ya 3 mwenye Busara 16, katika stadi aliyo na umahiri nayo: anaongeza 5 juu ya dadu yake, na kwenye jaribio la ugumu 15, yaani jumla anayotakiwa kuifikia, anahitaji kupata 10 au zaidi, yaani nyuso 11 kati ya 20, asilimia 55. Akipewa nafuu, anashindwa pale tu dadu zote mbili zinapoangukia 9 au chini yake, ambayo ni mara 81 katika 400. Kufaulu kwake kunapanda hadi karibu asilimia 80. Afikapo ngazi ya 11 akiwa na Busara 18, anaongeza 8, na nafuu ileile inampandisha kutoka asilimia 70 hadi 91. Waliotunga wakasema: vizuri, huyu ni nahodha, mnataka ashindwe?

Tatizo haliko katika asilimia hizo. Liko katika kanuni nyingine mbili ambazo kila mchezaji anazijua na wachache huzifikiria pamoja. Nafuu hazijumlishwi: ukiwa nayo moja au ukiwa nazo tano, dadu zitakuwa mbili tu. Na njia ya kawaida ya mhusika mmoja kumsaidia mwenzake katika jaribio ni kumpa nafuu. Ziweke pamoja uone. Nahodha ambaye daima ana nafuu ni nahodha ambaye hakuna binadamu anayeweza kumsaidia. Aliyepanda mlingotini kutazama mawimbi yanayopasukia mwamba hamwongezei kitu. Mzee anayesikiliza maji ubavuni mwa chombo hamwongezei kitu. Dhoruba ikija na dhiki yake, yaani dadu mbili na kuchukua iliyo ndogo, dhiki na nafuu zinafutana, na nahodha anabaki na dadu moja kama mtu wa kawaida, huku wenzake bado wakiwa hawana la kufanya, kwa kuwa zikishafutana nafuu nyingine haihesabiwi.

Niliiona kanuni hii ikifanya kazi yake usiku mmoja tulipoijaribu rasimu. Jahazi lilikuwa linaingia mlango wa miamba, maji ya bamvua yanatoka, na nyota zimefunikwa. Mwenzetu mmoja, ambaye mhusika wake alikuwa baharia kijana, alikuja na kipande cha mshipi kutoka kwao, chenye mafundo aliyoyafunga kwa vipimo na chubwi la risasi mwishoni. Akakiweka mezani, akasema, "Nakwenda gubetini, natia bildi," yaani aende mbele ya chombo apime kina cha maji. Msimamizi akatazama karatasi ya nahodha, akamjibu kwa upole, "Dada, haina haja, nahodha ana nafuu tayari." Mwenzetu akauzungusha mshipi kwenye chubwi, taratibu, akautia mkobani. Jahazi likapita salama. Hakusema tena chochote chomboni usiku ule, na sidhani kama aliyekuwa nahodha aliona.

Nimeirudia picha hiyo mara nyingi, kwani inapingana na kila tunachokijua kuhusu chombo. Jahazi halijapata kuendeshwa na mtu mmoja. Kuna wa usukani, kuna wa demani, kamba ya kuongozea tanga, kuna sarahangi anayewapanga watu, na kuna wa bildi, ambaye sauti yake usiku ndiyo macho ya nahodha. Mmoja wa waliotunga rasimu alitukumbusha kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Ni kweli, lakini methali hiyo imekataza manahodha wengi. Mabaharia wengi haikuwakataza. Ukuu wa nahodha ulikuwa katika kujua nani amsikilize, na lini.

Ndiyo maana rasimu ya pili, ile iliyoitwa ya kudhalilisha, naiona kuwa na heshima kubwa zaidi. Ndani yake nahodha hana nafuu ya bure. Ana uwezo ulioitwa Kusoma Ishara: humuuliza msimamizi swali moja kuhusu upepo, kina au mahali chombo kilipo, na msimamizi analazimika kujibu kweli. Idadi ya maswali ni sawa na nyongeza yake ya umahiri, namba inayokua kadiri ngazi zinavyopanda, na hurudi baada ya mapumziko marefu. Kwa kuwa matawi ya ranja hupata uwezo mpya katika ngazi za 3, 7, 11 na 15, maswali yanakuwa 2, 3, 4 na 5, bila kanuni yoyote ya ziada. Hayo ni machache, na uchache wake ndio unaomfanya nahodha afikiri.

Tazama linavyotokea katika safari ya kutoka Nungwi kwenda Pemba, kiasi cha kilomita 50 za maji kati ya visiwa viwili. Mkondo hapa hukimbilia kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi, upepo na mkondo vinakwenda njia moja, chombo kinasukumwa na vyote viwili, na hatari ni kupitiliza. Wakati wa kaskazi, upepo unaukabili mkondo uso kwa uso, na mawimbi yanasimama wima. Nahodha wa rasimu ya kwanza angerusha dadu zake mbili, basi. Nahodha wa rasimu ya pili mwenye maswali mawili analazimika kuchagua: aulize kama upepo utalegea kabla ya alfajiri, ili asubiri, au aulize mkondo umemchukua hadi wapi, ili arekebishe? Swali la pili alibakize kwa ajili ya miamba? Meza nzima inaingia katika mashauri, na mashauri hayo ndiyo safari yenyewe.

Rasimu hii ina udhaifu wake, nao ni wa kweli. Inamtegemea msimamizi anayejua kitu. Asiyetofautisha kusi na matlai, upepo wa mashariki, atatoa majibu makavu, na uwezo wa nahodha utanyauka mikononi mwa mtu mwingine bila kosa lake, jambo ambalo dadu mbili haziwezi kumfanyia. Wapinzani wamelisisitiza hili, na wana haki. Jedwali la ishara kumi na mbili, lenye rangi za maji, mawingu na mwendo wa ndege, lingepunguza tatizo, ingawa halitaliondoa.

Linalosalia kwenye meza ni uwezo wa ngazi ya 7. Wale wawili wamependekeza kwamba baharia akimsaidia nahodha kwa kazi aliyopangiwa, ya bildi, usukani au demani, swali analouliza nahodha wakati huo lisihesabiwe, mara moja kwa kila baharia kwa siku. Naunga mkono, kwa masharti. Kundi la watu watano litampa nahodha maswali 4 juu ya 3 aliyonayo, na maswali 7 kwa siku moja yatamchosha msimamizi na kuirudisha bahari ile isiyo na siri. Nimeomba mabaharia wanaohesabiwa wawe wawili kwa siku, na nahodha awataje asubuhi, kabla ya kutweka tanga.