Bili ya Nimonia Ambayo Hatukuja Nayo

Baba mdogo alipelekwa hospitali kwa kiharusi. Kifua kilikuwa kizima, hata sigara hakuwahi kuvuta. Siku ya sita, akiwa ICU kwenye mashine ya kupumulia, daktari alituita pembeni: homa imepanda, makohozi yamekuwa mazito, picha inaonyesha nimonia. Shangazi akauliza swali ambalo sisi wengine tulilimeza: "Kaipata wapi, na hajatoka humu?"

Kaipata humo humo. Nimonia inayoanza saa 48 au zaidi baada ya mtu kulazwa huhesabiwa kuwa ya hospitalini. Mpira unaoshushwa mdomoni hadi kwenye njia ya hewa humnyima mgonjwa nafasi ya kukohoa. Mate yenye vijidudu hujikusanya juu yake, kisha huchuruzika kidogo kidogo kuelekea mapafuni. Na vijidudu vya ICU si vya mtaani. Klebsiella, Acinetobacter na wenzao wameishi na antibayotiki hadi wamezizoea.

Dawa za mwanzo ziligonga mwamba. Tukaandikiwa meropenem, mara tatu kwa siku, tukanunue nje. ICU ikaongezeka siku tisa. Kundi la WhatsApp lililofunguliwa kwa ajili ya harusi likageuka la michango, na kiwanja kikauzwa kwa bei ya shida. Bili ilipotoka niliisoma mstari kwa mstari: kitanda, oksijeni, mashine, hadi glovu, ambazo tulizinunua wenyewe! Hapakuwa na mstari unaosema hii ni ya kiharusi na hii ni ya ugonjwa alioupatia kitandani.

Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi za kipato cha chini na cha kati, wagonjwa 15 kati ya 100 waliolazwa hupata angalau ambukizo moja la hospitalini. Kwa matajiri ni 7. Uhaba umo, nakubali. Usiku manesi walikuwa wawili kwa vitanda vinane, siwalaumu. Lakini kuinua kichwa cha kitanda nyuzi 30 hadi 45 hakuhitaji mfadhili. Wala mswaki. Mwaka 2023 jarida la JAMA Internal Medicine lilichapisha uchambuzi ulioonyesha kuwa wagonjwa waliopigwa mswaki walipata nimonia hii kwa uchache zaidi, hasa walio kwenye mashine. Sisi tuliagizwa pampasi, mafuta na glovu. Mswaki hakuna aliyeutaja.

Marekani, tangu Oktoba 2008, Medicare, bima ya serikali ambayo hasa ni ya wazee, haiongezei hospitali malipo kwa baadhi ya madhara mgonjwa anayoyapatia humo. Nimonia ya mashine haikuingizwa kwenye orodha ile, kwa sababu kuithibitisha kuna utata. Hoja hiyo naielewa, ndiyo maana sidai hospitali ibebe bili yote. Nadai ihesabu: nimonia ngapi kwa kila siku 1,000 ambazo wagonjwa, kwa jumla, wamekaa kwenye mashine, mwezi huu na uliopita. Karatasi moja tu mlangoni mwa ICU, pale pale walipobandika saa za kuona wagonjwa.