Mtoe mwanao, nawe utoke

Vijana wa mapanga wakishapita mtaani, baraza huitishwa na hotuba huwa ileile: mwanao akiwa mhalifu, tutakukamata wewe mzazi. Watu hupiga makofi. Makofi hayo ndiyo hunikera kuliko hotuba, maana nusu ya wapigaji wana vijana wa miaka 22 nyumbani na hawajui jana walilala wapi.

Kwa kifungu gani? Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, haina kosa la kuzaa. Ina kifungu cha 322, kushika mali ya wizi huku ukijua ni ya wizi, hadi miaka 14 jela. Ina cha 396, kumsaidia mtu kukwepa adhabu ilhali unajua ametenda kosa. Hapo sheria imewasamehe mke na mume tu, mama hakutajwa. Kwa hiyo anayemficha mwanawe akijua kwamba amemkata mtu ana kesi ya kujibu. Haya, hilo nakubali, shingo upande. Lakini ni kesi ya alichofanya yeye, na lazima ithibitishwe kwamba alijua.

Msinitajie wale wazazi wa Michigan, Marekani, kina Crumbley, waliohukumiwa miaka 10 hadi 15 mwaka 2024. Mtoto wao, aliyewaua wanafunzi wenzake shuleni kwa risasi, alikuwa wa miaka 15, baba ndiye aliyemnunulia bastola, na asubuhi ya mauaji waliitwa shuleni wakamwacha hukohuko. Walifungwa kwa uzembe wao wenyewe.

Kwetu mambo huenda hivi. Askari wanamtafuta kijana, hawampati, wanaondoka na mamake. Kwenye OB, daftari la matukio la kituo cha polisi, ataandikwa kuwa anasaidia uchunguzi, au hataandikwa kabisa. Mashtaka hayapo. Anaambiwa tu: mtoe mwanao, nawe utoke. Mtu mzima amewekwa rehani kama redio. Na siku inayopendwa ni Ijumaa jioni, kwa kuwa Ibara ya 49 ya Katiba inatoa saa 24, ila zikiishia siku isiyo ya mahakama, muda unasogea hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Hesabu mwenyewe: Ijumaa saa kumi hadi Jumatatu jioni, viazi karai vya mama havijauzwa, na hakuna sheria iliyovunjwa kwenye makaratasi.

Halafu uchunguzi wenyewe ndio unaokufa. Mama ndiye wa kwanza kuona: kijana analala mchana, ana simu tatu na hata moja haina laini yake, ana hela asiyoweza kuieleza. Mama huyo angeweza kumnong'oneza mzee wa mtaa. Mfungie mama mwenzake siku tatu, uone kama kuna atakayefungua mdomo tena mtaa mzima. Na kijana? Kashahamia kwa rafiki Mtwapa, simu kazima. Aliyemkata panga mpita njia asiyemjua, eti atalia kwa sababu mamake kalala sakafuni!

Kisauni, Mombasa, kulikuwa na genge lililojiita Wajukuu wa Bibi. Basi tuanze na bibi.

Wa chini ya miaka 18 wana sheria yao, na huko mahakama ina njia ya kumfikia mzazi. Mimi nazungumzia mtu mzima, mwenye kipande na kura.

Mamako akichukuliwa, uliza kosa ni lipi. Ana haki ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa. Asiandikishe taarifa bila wakili, ana haki ya kunyamaza. Omba bondi ya polisi, yaani aachiwe kwa ahadi ya kufika akiitwa, ambayo ni bure. Wakitaka dhamana ya pesa taslimu, usiondoke bila risiti, maana pesa hiyo hurudishwa. Muda wa Katiba ukipita, wakili aende Mahakama Kuu kuomba polisi waamriwe wamlete, na malalamiko kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi, hayalipiwi. Lakini kabla ya yote dai nambari ya OB, uandike saa na nambari ya askari. Bila hiyo, Jumatatu kituo kitakwambia hakuwahi kufika pale.