Betri Iko Wapi, Kijana?

Kwa miaka mitatu niliendesha Toyota IST ya rangi ya fedha, na kwa miaka hiyo yote watu nisiowajua waliingia ndani yake bila hodi. Nimesimama Mwenge namsubiri mke wangu atoke saluni, mara mlango wa nyuma unafunguka, mama mmoja anajitupa kwenye siti na vifurushi vyake: "Twende kaka, Tegeta, ila Afrikana kuna foleni, tafuta njia." Ukimweleza kwamba hii si teksi ya mtandaoni, anatazama simu yake, anakutazama wewe, anaona unamkimbia kwa sababu ya foleni. Mmoja alinipa nyota moja kwa mdomo, palepale, kisha akabamiza mlango.

Gari lenyewe sikuwa na la kulisema. Ile injini ya 1NZ, lita moja na nusu, utaikuta pia kwenye Probox, Raum na Spacio, kwa hiyo fundi wa chini ya mwembe anaifungua huku anaongea na simu. Ukienda Gerezani, kule Kariakoo, kutafuta spea yake, wauzaji wanakukimbilia kama konda anayegombea abiria. Ndiyo maana kijiweni sikuwa na hadithi. Wenzangu walisimulia jinsi gia boksi zilivyowafia Dakawa, jinsi walivyolala porini na watoto. Mimi nilisimulia kwamba nimebadilisha oili.

Basi nikakopa SACCOS, nikanunua Mjerumani. Jina silitaji, kiwanda hakikunituma. Jeusi, siti za ngozi, dari la kioo linalofunguka kwa kidole, namba E, la kuwashia kwa kubonyeza. Muuzaji alinikabidhi rimoti. Nikamuuliza mbona ndani yake kuna kitundu cha kifunguo cha chuma lakini kifunguo hakimo. Akacheka kwa huruma. "Kaka, chuma cha nini zama hizi?" Nikaona haya kwa kuuliza.

Mke wangu alilizunguka mara mbili. "Zuri," akasema. "Fundi wake nani?"

"Hili haliharibiki."

Hakunijibu. Alichukua funguo za IST mezani, akazitia kwenye pochi yake, na tangu siku hiyo hakuzitoa.

Miezi minne baadaye mdogo wangu akapata mchumba Iringa, Mhehe, na ikabidi mahari ipelekwe. Kulikuwa na mjadala tupande basi au vipi, nami nikaumaliza kwa kuweka rimoti mezani. Msafara ukawa baba mdogo, shangazi, mshenga na mimi dereva. Kwenye buti: blanketi mbili za wazee, suti ya baba mkwe, vitenge, na bahasha ambayo shangazi aliifunga ndani ya blanketi kwa usalama zaidi. Tulitakiwa ukweni saa tisa alasiri. Tukaondoka Dar saa kumi alfajiri.

Kutoka Dar hadi Iringa ni karibu kilomita 500, na nilitaka nizile. Dashibodi ilikuwa na namba hadi 260. Barabara ilikuwa na vibao vya 50. Kila nikianza kuusikia mlio wa injini, kijiji. Kila kijiji, kibao. Nyuma ya mti mmoja baada ya Chalinze, askari na tochi yake ya kupimia mwendo. Elfu 30. Kabla ya Morogoro nikaongeza nyingine. Mikumi nako, unapita katikati ya hifadhi, tembo yuko pembeni ya lami anavunja matawi, hapo huendeshi, unanyata. Probox iliyojaa mikungu ya ndizi ilikuwa nyuma yangu tangu Mdaula na haikuwahi kupotea kwenye kioo. Baba mdogo akauliza kwa upole, "Hili lina mwendo gani kuzidi zile?" Nikamwonyesha dari la kioo.

Saa nne na nusu tulikuwa Ruaha Mbuyuni, penye vitunguu, chini kidogo ya mlima Kitonga. Tukashuka kula. Na hapa niseme ukweli: kilichotokea nilikitaka mwenyewe. Vijana wa vitunguu walianza kulitazama gari. Nikafungua dari. Wakasogea. Nikashusha vioo vyote, nikawasha muziki, nikaacha milango miwili wazi ili skrini ionekane vizuri, nikaketi mbali na sahani yangu ya wali kama mtu asiyejua gari hilo ni la nani. "Boss, hii ni ya mwaka gani?" Niliitwa boss kwa saa moja na robo. Injini ilikuwa imezimwa muda wote huo.

Tuliporudi, nikabonyeza. Likatoa mlio kama mjusi. Nikabonyeza tena, halikutoa hata huo. Skrini ikafa, vioo vikabaki chini, dari likabaki wazi linatazama mbingu. Vijana wakajitolea kusukuma. Haliendi, gia yake ni ya umeme na imejifunga kwenye P.

Dereva wa Fuso la vitunguu akashuka, akatazama, akakataa hata kusogea. "Mimi nina volti 24, kaka. Nikikuchomekea hapo, hizo taa zako zote utazisoma kwenye historia." Akatuitia IST moja iliyokuwa inapandisha matenga matupu kwenda Ilula kuchukua nyanya. Ndiyo, IST. Ya rangi ya fedha.

Kijana wake akaja na nyaya, tukafungua boneti. Tukatafuta betri. Kuna plastiki nyeusi, kuna plastiki nyingine nyeusi, betri hakuna.

"Wamekuibia," akasema.

Umati ukakubali kwa kauli moja. Mmoja alishuhudia kabisa, alimwona mtu wa kofia nyekundu. Shangazi akaanza kulia. Nilikuwa njiani kutafuta polisi wakati mtoto wa mwenye mgahawa, aliyekuwa anasoma kwenye simu, aliponiambia, "Anko, magari haya betri inakaa kwenye buti. Eti ili uzito ulingane mbele na nyuma."

Shangwe. Nikabonyeza rimoti kufungua buti.

Nikabonyeza tena.

Saa saba ilikuwa imefika. Tukaamua kwamba ukweni hakukosekani. Baba mdogo akabaki kulinda gari lisilo na vioo, ameketi siti ya mbele amefungua mwavuli, mpini umetokeza juu kupitia dari. Sisi watatu tukapanda IST. Mshenga mbele, shangazi nyuma, mimi kati ya shangazi na matenga. Tukapanda Kitonga tukiyapita malori yanayonyanyuka kwa gia ya kwanza, na kile kigari hakikukohoa hata kona moja. Shangazi alisinzia.

Ukweni tulifika saa kumi na nusu. "Kamwene," tukasema. "Kamwene," wakajibu, na faini ya kuchelewa ikasomwa kabla ya kupewa viti. Mshenga akaomba radhi, akaeleza kwamba mahari ipo, imefika hadi Ruaha Mbuyuni, ila imekwamia kwenye gari.

Pale kulikuwa na mjomba wa bibi harusi, mzee aliyeendesha semi kwenda Zambia miaka mingi. Alikuwa kimya muda wote. Akanigeukia mimi.

"Betri iko wapi, kijana?"

"Kwenye buti, mzee."

"Buti linafunguliwa na nini?"

"Umeme, mzee."

"Umeme unatoka wapi?"

Nikatazama mkeka. "Kwenye betri."

Wazee wakatazamana. Mmoja akanong'ona jambo kwa Kihehe, na kina mama nyuma ya pazia wakaangua kicheko ambacho mpaka leo shangazi hataki kunitafsiria. Wakaandika faini ya pili. Nimeiona ile karatasi: "Kuwafungia blanketi za wazee."

Kesho yake asubuhi mjomba mwenyewe akapanda nasi ile IST ya nyanya kurudi Ruaha Mbuyuni. Baba mdogo tulimkuta mzima, amezungukwa na watoto, ameshauziwa magunia mawili ya vitunguu. Mjomba hakuuliza mtu. Alifungua boneti, akapapasa pembeni, akanyanyua kifuniko chekundu cha plastiki kilichokuwa na alama ya kujumlisha, kidogo tu, ambacho sote tulikipita kama kizibo cha maji. "Wamekuwekea mdomo huku," akasema, "tumbo liko kule." Waya mwekundu pale, mweusi kwenye chuma, IST ikanguruma dakika tano, Mjerumani akaamka na muziki wake palepale tulipoishia. Buti likafunguka lenyewe kwa taratibu, kwa heshima zote, kama vile halikumkosea mtu.

Nililiuza kabla ya mwezi kuisha. Hasara yake sisemi, mke wangu husoma.

Harusi ilifanyika Iringa, Desemba. Kamati ilitaka kukodi gari la maana la kumbeba bibi harusi. Ujumbe ukaja kutoka ukweni kwamba hapana, waje na ile ndogo. Tukaiosha IST, tukaifunga maua na riboni, nikaiegesha mlangoni. Bibi harusi akatoka, vigelegele, wapiga picha wakajipanga. Mjomba akainua mkono, kila mtu akanyamaza.

"Kwanza fungua boneti."

Nikafungua. Akainama na suti yake, ileile niliyokuwa nimeilipia dukani kufidia faini, akaitazama betri kwa muda, akaigonga kwa kidole mara mbili. Kisha akasogea pembeni, akamshika mpwa wake mkono, akamwingiza kwenye siti ya nyuma.