Elektroni kama wimbi: hila ya hesabu au hali halisi?

Katika madarasa mengi ya kidato cha sita hapa Uganda, elektroni bado huchorwa kama kigololi kinachokizunguka kiini cha atomu, hivyo mwanafunzi anapoambiwa baadaye kuwa ni wimbi hudhani amepewa hila ya kukokotolea tu. Wanaoitetea chembe wana hoja nzito: hakuna aliyewahi kunasa nusu ya elektroni. Kila inapogonga kiwambo huacha nukta moja, na chaji yake hupokelewa nzima. Tena mwanafizikia Erwin Schrödinger, aliyeuandika mlinganyo wa wimbi hilo mwaka 1926, alitamani liwe elektroni yenyewe iliyotandazwa, lakini tafsiri iliyoshinda ni ya mwanafizikia mwenzake Max Born, ya mwaka huohuo, kwamba wimbi hutupa uwezekano wa kuikuta elektroni mahali fulani.

Nalikubali hilo, ila halitoshi kuliondoa wimbi. Mwaka 1927, Davisson na Germer wa Marekani walielekeza elektroni zilizosukumwa kwa volti 54 kwenye fuwele ya nikeli, nazo zikarudi kwa wingi kwenye pembe ya nyuzi 50. Pembe hiyo, pamoja na nafasi kati ya safu za atomu, ilitoa urefu wa wimbi wa nanomita 0.165, ilhali kanuni ya urefu wa wimbi ya mwanafizikia Mfaransa Louis de Broglie, ya mwaka 1924, inatoa 0.167. Tarakimu hizi zinastahili kutazamwa kwa utulivu. Ya kwanza imetoka kwenye mpangilio wa atomu za metali, ya pili kwenye uzito na mwendo wa elektroni, na kisichokuwa wimbi hakina namna ya kuzikutanisha.

Faida yake imetufikia. Virusi vya Zika, vyenye jina la msitu ulio karibu na Entebbe vilikogunduliwa mwaka 1947, vina upana wa nanomita 50 hivi, ilhali mawimbi ya mwanga tunaouona huanzia takriban nanomita 400, marefu mno kutuonyesha umbo lake. Wimbi la elektroni iliyosukumwa kwa volti 100,000 halifiki hata nanomita 0.004, na hadubini ya elektroni hulitegemea hilo.

Mwaka 1989 Tonomura na wenzake huko Japani walipitisha elektroni moja moja penye njia mbili. Nukta zilitua ovyo, kisha, zilipofika maelfu, zikajipanga kuwa mistari, huku baina yake pakiwa na sehemu ambazo elektroni hufika zaidi njia moja ikizibwa. Vigololi haviwezi kupungua kwa kuongezewa njia. Ningependa mwanafunzi aonyeshwe picha hizo kabla ya kuchorewa kigololi.